Kukua Baada ya Uchungu: Dhamira ya Ustahimilivu katika Chozi la Heri

Riwaya ya Chozi la Heri, iliyoandikwa na Assumpta K. Matei na kuchapishwa mwaka 2014, ni riwaya ya watu waliopoteza. Wapo waliopoteza nyumba na wapo waliopoteza wake, waume, wazazi au ndugu. Wengine wamepoteza utoto wao. Hata hivyo, ukifika ukurasa wa mwisho unagundua kuwa hukusoma kitabu cha vilio pekee. Wengi wa wahusika wale wale uliowaona wakiwa hoi mwanzoni wamesimama tena, na baadhi yao wamekuwa watu wenye kina zaidi kuliko walivyokuwa kabla ya kuumia.

Swali la somo hili ni moja: wamefikaje hapo? Wanafunzi wengi hujibu kwa haraka kwamba "walivumilia". Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Tutalichunguza kwa kurejelea riwaya yenyewe, kisha tutalipima kwa matukio mawili ya kweli yaliyotokea katika maeneo ya Embu na Meru.

Kufikia mwisho wa somo uweze:
(a) kutofautisha ustahimilivu, uvumilivu na unyamavu;
(b) kueleza jinsi wahusika mbalimbali wanavyokua baada ya kupatwa na maumivu ya moyo;
(c) kubainisha mbinu ambazo mwandishi ametumia kuijenga dhamira hii;
(d) kujibu swali la insha kuhusu dhamira hii kwa hoja zilizokamilika.

1. MAANA YA MANENO TUNAYOYATUMIA

Uvumilivu ni uwezo wa kubeba jambo zito bila kukata tamaa. Methali nyingi za Kiswahili husifu uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu, twaambiwa, na subira huvuta heri.

Unyamavu ni kukaa kimya. Mtu anaweza kukaa kimya kwa hekima, lakini pia anaweza kunyamaza kwa hofu, kwa aibu au kwa kukosa wa kumwambia. Mara nyingi jamii humwona aliyenyamaza ikadhani amevumilia. Hapa ndipo kosa huanzia.

Ustahimilivu ni zaidi ya yote mawili. Ni uwezo wa mtu kupatwa na pigo, kutikisika, kisha kujipanga upya na kuendelea na maisha. Mstahimilivu hulia, huanguka na huomba msaada. Kulia hakumwondolei sifa hiyo.

Ukuaji nao ni hatua ya mbele zaidi. Mtu aliyekua harudi tu pale alipokuwa. Anafika mahali papya: anaelewa watu vizuri zaidi, anajua nguvu zake, au anapata kazi ya kufanya ambayo hakuwahi kuiwazia.

Mwaka 1996, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha kipimo cha ukuaji wa aina hii. Walitaja maeneo matano ambamo mtu aliyepitia dhiki kubwa anaweza kukua: uhusiano wake na watu wengine, njia mpya za maisha anazoziona, nguvu za ndani anazozitambua, mabadiliko ya kiroho, na kuthamini uhai. Jambo muhimu walilosisitiza ni kwamba ukuaji hautokani na pigo lenyewe. Unatokana na jitihada za mtu za kupambana na kilichobaki baada ya pigo.

Ukitoka katika familia ya wakulima wa kahawa kule Runyenjes au Nkubu, jambo hili si geni kwako. Mkahawa uliozeeka hukatwa shina ili uchipuke upya. Lakini panga peke yake halizai kahawa. Mkulima hurudi, akachagua machipukizi machache yenye afya, akaondoa mengine, akatia mbolea na kupalilia. Shina lililokatwa na kuachwa hugeuka kichaka. Basi mtu akikuambia kuwa "shida humkomaza mtu", muulize: baada ya kukatwa, nani alirudi kupalilia?

Shikilia swali hilo. Ndilo litakalokuongoza kuwasoma wahusika wa Chozi la Heri.

2. WAHUSIKA NA SAFARI ZAO

(i) Ridhaa

Tunakutana na Ridhaa katika magofu ya nyumba yake. Vita vya baada ya uchaguzi nchini Wahafidhina vimemfanya mtu aliyekuwa jirani yake, Mzee Kedi, kuongoza uovu ulioteketeza familia yake. Terry, mkewe, ameangamia, pamoja na Tila, bintiye, Lily Nyamvula, mke wa mwanawe, na mjukuu wake, Becky. Ridhaa ni daktari. Mtu aliyezoea kuwaponya wengine hana dawa ya jeraha lake.

Usisahau kuwa hili si pigo lake la kwanza. Akiwa mtoto shuleni, wenzake walimtenga na kumwita mfuata mvua kwa sababu familia yao ilionekana kuwa ya wageni. Alirudi nyumbani akilia. Angalia kilichofuata: mama yake hakumwambia anyamaze. Alimsikiliza, akamtuliza, kisha akaenda kuzungumza na mwalimu, naye mwalimu akawafunza wanafunzi umuhimu wa kuishi pamoja. Ridhaa alirejea darasani, akasoma kwa bidii hadi akawa daktari.

Hapo mwandishi ametupa mfano mdogo wa dhamira yote ya riwaya. Mtoto anaumia, anasema, anasikilizwa, mtu mzima anachukua hatua, kisha mtoto anajitahidi. Baadaye, pigo kubwa linapomjia ukubwani, Ridhaa hufuata njia hiyo hiyo. Haishi katika magofu. Anaishi na wakimbizi wenzake katika Msitu wa Mamba, analia na mwanawe Mwangeka anaporejea, na hatimaye utabibu wake unapata makao katika kituo cha afya cha Mwanzo Mpya.

(ii) Umulkheri

Umu anapoteza mama kwa kuachwa, baba kwa kifo na ndugu zake kwa kuibwa. Naomi anaondoka. Lunga anafariki. Kisha Sauna, mfanyakazi wa nyumbani aliyeaminiwa, anatoweka na Dick na Mwaliko. Msichana wa shule anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyokuwa na watu watano.

Anayemshika mkono mjini si tajiri wala kiongozi. Ni Hazina, kijana wa mtaani ambaye Umu aliwahi kumsaidia. Baadaye anapata nafasi katika Shule ya Tangamano, na hatimaye Mwangeka na Apondi wanampanga kuwa mtoto wao. Tazama mnyororo huo: wema wa Umu kwa Hazina, wema wa Hazina kwa Umu, shule, kisha familia. Ukiondoa pete moja, mnyororo wote unakatika. Umu ana nguvu, naam, lakini mwandishi hadai kwamba nguvu zake pekee zilimwokoa.

(iii) Wasichana wa Tangamano

Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wengi huipita haraka, nayo ndiyo moyo wa dhamira tunayoijadili. Umu anapofika Tangamano amezama katika huzuni yake. Kisha wenzake wanaanza kusimulia. Kairu ana kisa chake. Mwanaheri anaeleza kuhusu mama yake, Subira, aliyeteswa kwa kuonekana mgeni katika familia ya mumewe. Zohali anasimulia jinsi mimba ya utotoni ilivyomtenga na wazazi wake. Chandachema, aliyelelewa na bibi yake, anaeleza maisha ya kuhamahama yaliyomfikisha hadi kwenye mashamba ya majani chai.

Hakuna mtu mzima anayetoa hotuba. Hakuna anayetatua shida ya mwingine. Wanachofanya ni kusema na kusikiliza. Lakini baada ya usiku wa simulizi hizo, Umu hayuko peke yake tena. Ametambua kuwa aliyelala kitanda cha jirani ana mzigo wake, na kwamba mzigo unaweza kutamkwa bila mtu kufa kwa aibu. Katika maeneo matano ya Tedeschi na Calhoun, huu ni ukuaji katika uhusiano na watu.

(iv) Dick

Dick anauzwa kwa Bi. Kangara, kisha anatumiwa kulangua dawa za kulevya. Kwa miaka mingi hana wa kumsikiliza. Hata hivyo anafikia uamuzi wa kuacha, na anaanzisha biashara halali ya vifaa vya umeme. Huu ni ukuaji wa kuona njia mpya ya maisha. Lakini kumbuka pia kuwa furaha yake haikamiliki kwa biashara. Inakamilika anapokutana na dada yake katika uwanja wa ndege na kurejea katika familia.

(v) Mwangeka na Apondi

Mwangeka alikuwa nje ya nchi katika shughuli za kulinda amani wakati mkewe na mtoto wake walipoteketea. Apondi naye alimpoteza mumewe, Mandu. Wawili hawa wangeweza kuufunga moyo kabisa. Badala yake wanaoana, wanamlea Sophie, bintiye Apondi, na kufungua mlango kwa Umu na Dick. Mwenye jeraha anakuwa makao ya mwenye jeraha mwingine. Huku ni kuthamini uhai.

(vi) Selume

Selume anabaguliwa kwa sababu ya kabila lake katika ndoa yake mwenyewe. Anaondoka, lakini haendi kukaa tu. Ujuzi wake wa uuguzi unawafaa wengine kambini na baadaye katika kituo cha Mwanzo Mpya. Kazi inayowafaa watu ni mojawapo ya njia ambazo riwaya hii inazionyesha za kumrudishia mtu heshima yake.

3. MBINU ZINAZOIJENGA DHAMIRA HII

Mbinu rejeshi. Riwaya inaanza kwenye magofu, kisha inarudi nyuma kupitia kumbukumbu za Ridhaa. Mpangilio huu unafanana na jinsi akili ya mtu aliyeumia inavyofanya kazi: inarudi, inapekua, inatafuta ni wapi mambo yalianza kuharibika.

Hadithi ndani ya hadithi. Visa vya wasichana wa Tangamano ni mfano bora. Mbinu hii inampa kila mhusika sauti yake mwenyewe.

Majazi. Majina mengi yanaelekeza kwenye matumaini: Umulkheri, Hazina, Tangamano, Mwanzo Mpya. Chandachema anatukumbusha methali ya chanda chema kuvikwa pete.

Anwani. Chozi ni ishara ya uchungu, heri ni baraka. Mwandishi ameyaunganisha maneno mawili yanayoonekana kupingana. Machozi ya magofu mwanzoni na machozi ya ndugu wanaokutana tena mwishoni yote ni machozi, lakini hayafanani.

Sadfa. Umu na Dick wanakutana uwanjani bila kupanga. Hapa usiogope kuhoji. Je, katika maisha ya kawaida ndugu waliotenganishwa hukutana kwa urahisi hivyo? Mtahiniwa mzuri anaweza kusifu matumaini ya mwandishi na papo hapo akaona kuwa sadfa imembebea mwandishi mzigo fulani. Nje ya kitabu, kuunganishwa kwa familia kunahitaji polisi, maafisa wa watoto, mahakama na majirani wanaofanya kazi yao. Hoja hiyo inatuleta nyumbani.

4. DHAMIRA HII NJE YA KITABU: EMBU NA MERU

Fasihi husomwa vizuri zaidi inapowekwa kando ya maisha. Tazama matukio mawili kutoka miteremko ya Mlima Kenya.

Embu, 1954. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walizuiliwa kambini, na kuanzia 1954 wengi walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa takriban miaka 15. Alikamatwa kwa kushukiwa kuwapelekea chakula wapiganaji wa Mau Mau, akapelekwa kambi ya Gatithi, ambayo wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Embu kabla ya Kirinyaga kuwa wilaya yake yenyewe. Huko aliteswa kikatili na kudhalilishwa.

Zaidi ya nusu karne ilipita. Mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa Wakenya watano waliofungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Mwaka 2012 mahakama iliamua kuwa kesi yao inaweza kuendelea licha ya miaka mingi kupita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendeka na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Makumbusho ya waathiriwa yalizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 2015.

Je, fidia inafuta mateso? Hapana. Lakini fikiria mabinti wa 1954 waliozeeka bila kupata nafasi ya kusema mbele ya watu wenye uwezo wa kuchukua hatua. Walivumilia. Walizaa, wakalima, wakasomesha watoto. Hakuna anayeweza kusema hawakuwa na nguvu. Hata hivyo, uvumilivu wao haukuondoa haja ya kusikilizwa.

Meru, 2012. Shirika la Ripples International mjini Meru lilikuwa likiendesha makao ya kuwaokoa wasichana waliodhulumiwa kingono. Wasichana walisimulia yaliyowapata, lakini kesi zao hazikusonga. Sheria ilikuwapo: Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006, na Katiba mpya mwaka 2010. Kilichokosekana ni polisi kuitekeleza. Mnamo Oktoba 11, 2012, ambayo ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, wasichana 11 pamoja na shirika hilo waliwasilisha ombi katika Mahakama Kuu ya Meru. Majina yao yalifichwa kwa herufi ili kuwalinda. Kesi hiyo ilijulikana kote kama kesi ya "Wasichana 160", kwa idadi ya wasichana waliokuwa nyuma ya juhudi hizo.

Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi, kwa kutofanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu, walikuwa wamekiuka haki za kikatiba za watoto hao. Polisi waliamriwa kutekeleza wajibu wao.

Zilinganishe tarehe hizo. Uamuzi wa Meru ulitolewa mwishoni mwa Mei 2013, na tangazo la Uingereza likatolewa siku kumi baadaye. Binti wa Gatithi alingoja zaidi ya miaka hamsini. Wasichana wa Meru walipata jibu la mahakama wakiwa bado watoto au vijana. Tofauti kati yao haimo katika ujasiri, kwa maana wote walikuwa jasiri. Tofauti ni kwamba katika kisa cha pili walikuwapo watu wazima waliosikiliza mapema, wakaandika, wakatafuta mawakili, wakaenda kortini. Kulikuwa na waliorudi kupalilia.

Kumbuka pia fasihi simulizi ya eneo hili. Mighani ya Wameru husimulia kuwa wazee wao walitawaliwa kikatili na watu walioitwa Nguo Ntune mahali paitwapo Mbwaa, wakapewa kazi zisizowezekana, kisha wakatoroka kwa kuvuka maji. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana wakawa makundi matatu ya weusi, wekundu na weupe. Jamii hiyo haikuuficha utumwa wake. Iliusimulia kizazi baada ya kizazi, na simulizi ya uchungu ikageuka kuwa kitambulisho cha watu.

Na ukitaka kulinganisha na tamthilia, soma Natala ya Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka. Natala anapoaminishwa kuwa mumewe amefariki, Wakene, shemeji yake, anataka kumrithi. Natala anakataa waziwazi. Huyo naye ni mhusika anayetenganisha kustahimili na kunyamaza.

5. JINSI YA KUJIBU SWALI

Swali: "Uchungu haumkuzi mtu, kinachomkuza ni kile kinachofuata uchungu." Thibitisha ukweli wa kauli hii ukirejelea wahusika watano katika riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)

Kabla ya kuandika, jiulize mambo manne kuhusu kila mhusika: Alipatwa na nini? Nani alimsikiliza au kumsaidia? Yeye mwenyewe alifanya nini? Amebadilika vipi? Hoja isiyo na majibu haya manne ni hoja pungufu.

Hoja dhaifu: Dick aliteseka sana alipoibwa na Sauna. Alivumilia na mwishowe akafaulu maishani. Hii inaonyesha kuwa mvumilivu hula mbivu.

Hoja hii inataja tukio na methali, lakini haielezi chochote kuhusu njia kati ya mateso na kufaulu. Tena inakubaliana na jambo ambalo swali linalikana.

Hoja thabiti: Dick anaibwa na Sauna na kuingizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya. Miaka hiyo ya mateso haimkuzi. Inamweka katika hatari ya kifo na ya kufungwa. Ukuaji wake unaanza anapoamua kuachana na biashara hiyo na kuanzisha biashara halali ya vifaa vya umeme. Unakamilika anapokutana na Umu na kupokelewa na Mwangeka na Apondi, ambao wanampa familia. Hivyo, uamuzi wake pamoja na mapokezi ya familia, wala si mateso yenyewe, ndio unaomkuza.

Makosa ya kuepuka:
- Kusimulia ploti nzima badala ya kuchagua tukio linalofaa hoja.
- Kuwachanganya Mwangeka na Mwangemi. Mwangeka na Apondi ndio waliompokea Umu na Dick; Mwangemi na Neema walimpanga Mwaliko.
- Kuandika "alivumilia" katika kila aya. Tumia vitenzi vinavyoonyesha hatua: aliondoka, alisimulia, alikataa, alianzisha, alisamehe, alimpokea.
- Kumsahau mhusika asiyefanikiwa. Si kila aliyeumia katika riwaya hii anapona, na kulitaja hilo kunaipa insha yako uzito.

6. MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya ustahimilivu na unyamavu ukitumia mfano mmoja kutoka riwayani na mmoja kutoka jamii yako. (alama 6)
2. Onyesha jinsi mbinu ya hadithi ndani ya hadithi inavyochangia dhamira ya ustahimilivu. (alama 6)
3. Tumetaja wahusika waliokua katika uhusiano, njia mpya, nguvu za ndani na kuthamini uhai. Tafuta mhusika ambaye mabadiliko yake unaweza kuyaita ya kiroho, kisha utetee jibu lako. (alama 4)
4. "Sadfa katika Chozi la Heri inapunguza uzito wa mateso ya wahusika." Jadili. (alama 10)
5. Katika makundi, ulizeni mzee au nyanya mmoja nyumbani jinsi jamii yenu ilivyowasaidia watu waliofiwa au kufukuzwa makwao. Linganisheni majibu na yaliyotokea katika Msitu wa Mamba.

Kidokezo kwa swali la 1: usitumie kisa cha siri cha mwenzako bila ruhusa yake, hata ukibadilisha jina. Bweni ni dogo, na watu hutambuana.

7. KWAKO UNAYESOMA

Huenda mmoja kati ya wanafunzi wanaosoma ukurasa huu hasomi kwa ajili ya mtihani tu. Huenda ni wewe. Labda umefiwa, wazazi wametengana, au kuna mtu anayekudhulumu na amekuonya usiseme. Labda umekuwa ukiambiwa uvumilie hadi neno lenyewe limekuchosha.

Riwaya uliyoisoma haikuambii unyamaze. Umu hakupona kwa kunyamaza, wala Zohali, wala Ridhaa alipokuwa mtoto. Mtafute mtu mmoja: mwalimu wa ushauri nasaha, shangazi, nyanya, muuguzi, kiongozi wa dini unayemwamini. Akikupuuza, mtafute wa pili. Unaweza pia kupiga simu ya msaada wa watoto nambari 116, ambayo hailipishwi, popote ulipo, iwe Maua, Siakago au Ishiara. Ikiwa umenajisiwa, fika hospitalini upesi iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Kosa si lako.

Na ikiwa wewe ni yule aliyelala kitanda cha jirani, kazi yako ni ile waliyoifanya wasichana wa Tangamano. Sikiliza bila kucheka, usitangaze ulichoambiwa, na ikiwa mwenzako yuko hatarini, fuatana naye hadi kwa mtu mzima anayeweza kuchukua hatua.